Barua zimekwenda, majibu hayarudi: mafunzo kazini nitayapata wapi likizo hii?

SWALI: Salamu, mwalimu. Ninasoma uhasibu Kyambogo, mwaka wa pili, na nyumbani ni Arua. Likizo ndefu inaanza Juni na chuo kinataka wiki 8 za mafunzo kazini. Tangu Machi nimepeleka barua kwenye benki, mamlaka ya kodi na mashirika makubwa hapa Kampala, hakuna aliyenijibu. Wenzangu wanasema bila kuwa na mjomba ndani ya ofisi ni kupoteza karatasi. Baba anataka nirudi nyumbani kwa sababu kodi ya hosteli hapa Banda imemlemea, lakini naogopa kwamba Arua hakuna kazi itakayonipa sifa mbele ya waajiri. Nifanyeje?

JIBU: Binti yangu, rudi Arua. Baba yako ameona vizuri, na hosteli ni sababu ndogo tu kati ya zilizopo. Kwa mwanafunzi wa uhasibu, Juni hadi Agosti ndicho kipindi ambacho ofisi za wilaya zina kazi nyingi kuliko watu wa kuifanya. Nimekuwa nikipokea wanafunzi ofisini na kuwatembelea kazini kwa miaka mingi, na kila anayeniuliza humwambia jambo lile lile: tafuta kwanza mahali ambapo kazi imelundikana, jina la ofisi liangalie baadaye. Ngoja nikueleze kwa urefu, maana nataka uende ukijua unachokifuata.

Nianze na ule ukimya unaokuumiza. Kila mwaka benki na mamlaka za serikali hapa Kampala hupokea barua za wanafunzi kutoka Makerere, Kyambogo, Nakawa, Mukono, Nkozi, Nkumba, na hata kutoka Mbarara, Gulu na Busitema. Nafasi zenyewe ni chache. Ofisi nyingi hufunga maombi mapema, nyingine hupokea kwa mtandao peke yake, na karatasi uliyomwachia mlinzi getini haifiki popote. Tena barua nyingi huandikwa kwa maneno yale yale, "naomba nafasi katika idara yoyote", na anayesoma hana cha kumfanya amchague huyu amwache yule. Kwa hiyo huenda barua zako hazikukataliwa na mtu. Huenda hazikusomwa kabisa.

Na hili la mjomba sitakuficha. Kujuana kupo, na kwenye ofisi zenye jina kubwa kunafungua mlango. Lakini nimewaona wengi walioingizwa hivyo wakikaa wiki nzima kwenye kiti cha mapokezi, wakitumwa kutoa nakala na kununua maji ya kunywa, kwa sababu hakuna mkuu wa idara aliyewaomba. Wamepata mahali pa kukaa, kazi hawakupata. Mwezi wa tisa wakirudi chuoni, kitabu chao cha kumbukumbu kinasema "nilisaidia shughuli za ofisi" ukurasa baada ya ukurasa. Hiyo ndiyo sifa unayoililia?

Sasa tazama kalenda, kwa sababu kwa fani yako kalenda ina uzito kuliko barua. Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Fedha ya bajeti ambayo wilaya haikuitumia hadi siku hiyo hurudi Hazina, hivyo mwezi wa Juni malipo hukimbizwa: wakandarasi wanadai, idara zinaleta maombi ya dakika ya mwisho, vocha, yaani hati za malipo, zinajaa mezani. Halafu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, kila afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi, ana miezi 2 baada ya mwaka kufungwa kuandaa hesabu za mwisho na kuzifikisha kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Miezi 2 hiyo ni hadi 31 Agosti. Baada ya hapo wakaguzi wanaanza kazi, na Mkaguzi Mkuu naye anatakiwa kupeleka ripoti yake bungeni ifikapo 31 Desemba.

Umeona wiki zako 8 zinaangukia wapi? Zinaangukia ndani kabisa ya kufunga hesabu. Kile ambacho mhadhiri wenu amekifundisha kwa mifano ya ubaoni kitakuwa mezani kwako kikiwa na karatasi zake, makosa yake na watu wake. Kuna wanafunzi wa vyuo vikubwa Ulaya ambao hawapati kukiona kitu hicho hadi miaka kadhaa baada ya kuajiriwa.

Kwa kampuni binafsi kalenda ni nyingine, na hapa wengi hujikwaa. Kampuni zinazofunga mwaka 31 Desemba hupewa miezi 6 kupeleka ritani ya kodi ya mapato, yaani hadi 30 Juni. Kwa hiyo ofisi za ukaguzi wa hesabu pale Kampala huwa na kazi ya kufa na kupona kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, kisha wahasibu wenyewe huenda likizo. Mwanafunzi anayebisha hodi Julai hukuta ofisi imetulia, akadhani hawamtaki. Ungekuwa na nafasi ya siku mbili kwa wiki Aprili na Mei, hapo ndipo ningekwambia ukabishe. Lakini una mihadhara na mitihani, na siwezi kumshauri mtoto wa mwenzangu aiweke mitihani rehani.

Basi Arua. Unasema unaogopa hakuna kazi. Hebu tuhesabu milango pamoja.

Mlango wa kwanza ni makao makuu ya wilaya. Barua huandikwa kwa yule mtawala mkuu wa wilaya tunayemwita CAO, maana yeye ndiye afisa masuuli na bila idhini yake mkuu wa fedha hawezi kukupokea hata akikutaka. Usiishie kwenye wilaya ya Arua peke yake. Terego na Madi-Okollo zilimegwa kutoka Arua miaka ya karibuni, Madi-Okollo 2019 na Terego 2020, na wilaya changa kwa kawaida huwa na nafasi nyingi za ajira ambazo hazijajazwa. Penye pengo la watumishi ndipo mwanafunzi anapewa kazi ya kweli. Ukiwa na ndugu wa kulala kwake huko, ningeweka barua ya Terego juu ya zote. Nalo jiji la Arua, lililopewa hadhi hiyo 1 Julai 2020, lina idara yake ya fedha na lina mapato yake ya kukusanya: leseni za biashara, ada za soko, maegesho, kodi ya majengo. Upande wa mapato una mafunzo ambayo upande wa malipo hauna, kwa sababu hapo unajifunza fedha inavyopotea kabla haijaandikwa.

Ukiingia ofisi kama hizo, kazi utakayopewa itakuwa mojawapo ya hizi, na ujiandae nazo. Kuna kupanga vocha za mwaka mzima na kuhakikisha kila moja ina viambatisho vyake: ombi, idhini, ankara, hati ya kupokea bidhaa, risiti. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayokufundisha kuliko zote. Hoja nyingi za ukaguzi huzaliwa hapa, kwa vocha iliyopotea au fedha ya safari ambayo aliyeichukua hakuleta maelezo ya matumizi. Kuna kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, mwezi kwa mwezi, na kueleza kila tofauti. Kuna rejesta ya mali, ambapo mtu anatakiwa kutembea kweli, kutoka shule hadi kituo cha afya, akaone kama lile jenereta lililoandikwa bado lipo na kama linawaka. Rejesta hiyo karibu kila ofisi imebaki nyuma. Ukimwambia mkuu wa fedha, "Mzee, nitaweza kukaa na rejesta ya mali wiki tatu", atainua kichwa.

Halafu kuna afisa biashara wa wilaya, ambaye wanafunzi wa uhasibu hawamkumbuki kabisa. Yeye ndiye anayesimamia ushirika. Tangu mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, PDM, ulipozinduliwa Februari 2022, kila parishi, yaani eneo la utawala la vijiji kadhaa, imetakiwa kuwa na SACCO yake, chama cha akiba na mikopo, na kila parishi imetengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka za kukopesha kaya, hadi shilingi milioni 1 kwa mkopaji. Fikiria parishi zote za wilaya moja. Fikiria kamati za wakulima, wengi wao watu waaminifu, ambao hawajawahi kushika leja. Nani anawafundisha kutofautisha mkopo na ruzuku kwenye kitabu? Nani anaandika orodha ya wadaiwa na tarehe ya kurudisha? Afisa biashara anazunguka na pikipiki moja na hawezi kufika kote. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeweza kukaa chini ya mwembe na mweka hazina wa SACCO, wakapanga madaftari pamoja kwa utulivu, anafanya kazi ambayo nchi hii inaihitaji kwa haraka. Nasema hivi kwa moyo wote: nimeona fedha ya maskini ikipotea bila mwizi, kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Milango mingine nitaitaja kwa kifupi. Hospitali ya rufaa ya Arua ina ofisi ya hesabu na ghala la dawa, na kadi za ghala ni somo kamili la udhibiti wa mali. Tawi la shirika la maji lina kitengo cha ankara na madeni. Mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp na Imvepi yana ofisi zao za fedha mjini, ila ushindani ni mkali na mengine hupokea maombi kwa mtandao tu, kwa hiyo peleka lakini usiyategemee. Shule kubwa za sekondari zina mabasari, yaani watunza fedha wa shule, na basari wa shule yenye wanafunzi 1,000 ana kazi nyingi ya ada kuliko benki ndogo.

Na kuna Vurra. Mpaka ule na Kongo unapitisha mizigo kila siku, na mawakala wa forodha wanaojaza matamko ya mizigo kwenye mfumo wa mamlaka ya kodi wanahitaji mtu mwenye mkono mwepesi kwenye kompyuta na macho yanayoona tarakimu zilizopinduka. Ukijifunza jinsi thamani ya mzigo inavyokadiriwa, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 zinavyokokotolewa, na bidhaa ya kupita njia inavyotofautiana na ya kuuzwa hapa, utakuwa na ujuzi ambao wenzako waliobaki Kampala Road hawana. Tena wafanyabiashara wakubwa wa mjini Arua wanaouza ng'ambo ya mpaka wanatakiwa kutoa risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, tangu 2021, na wengi hulipa watu kuwasaidia. Weka hilo akilini, nitalirudia kwenye habari ya pesa.

Hapa Kiswahili chako ni mali, na naona hukukitaja. Wewe umekua Arua; umekisikia sokoni na kambini kwa askari, na mteja wa Kongo akija ofisini hukitumia bila kutafuta mkalimani. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Sudan Kusini ilitangulia 2016, na mwezi Julai 2022 baraza letu la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kwenye wasifu wako usiandike tu "Kiswahili: vizuri". Andika unachoweza kukifanya nacho: kumhoji mteja, kujaza fomu kwa niaba yake, kumweleza mkopaji masharti ya mkopo. Andika pia Kilugbara, kama unakisema. Ofisi inayohudumia wakulima inamhitaji anayewaelewa wakulima.

Tuje kwenye barua yenyewe. Utaiandika kwa Kiingereza, maana ndicho ofisi zetu zinachosoma, lakini fikra ziwe zako. Isizidi ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na chuo gani, ya pili iseme tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kutoka hapo useme kazi unayoiomba. Kitu cha namna hii: "Najua kwamba mwezi wa Julai na Agosti idara yako inaandaa hesabu za mwisho za mwaka. Nimesoma ulinganisho wa hesabu za benki, hesabu za serikali na matumizi ya Excel. Naomba kusaidia kupanga vocha na viambatisho, kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki, au kuhuisha rejesta ya mali, chini ya usimamizi wa mhasibu utakayemteua." Anayesoma maneno hayo anaona mara moja meza atakayokukalisha. Ambatisha barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya matokeo, kitambulisho cha chuo na cha taifa, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kwenu, kwa sababu ofisi nyingi za wilaya huiulizia.

Uko Kampala hadi mitihani iishe, na Arua ni karibu kilomita 500 kwa basi kupitia Karuma na Pakwach, kwa hiyo usingoje Juni ndipo uanze. Tuma barua kwa basi kwa baba au ndugu anayejua kuzungumza. Azipeleke kwa mkono, kila moja ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ni muhimu. Wiki moja baadaye unapiga simu ofisi ya masjala, unataja tarehe ya muhuri, unauliza barua imepelekwa idara gani. Ukijua idara, unampigia mkuu wake na kujitambulisha kwa adabu, dakika mbili tu. Watu wengi hawafiki hatua hii. Huacha barua, wakaenda kusubiri.

Ukifika Arua mwenyewe, nenda asubuhi mapema, Jumanne au Jumatano, kabla maofisa hawajatoka kwenda vijijini. Vaa kwa heshima, salimia kila mtu kuanzia mlinzi, na usione haya kusema "nitarudi kesho". Mhasibu aliyekuona mara mbili na akakukuta umekuja kwa wakati mara zote mbili, huyo ndiye atakayekuwa mjomba wako.

Kuhusu pesa nitakuambia ukweli. Mafunzo kazini kwa sehemu kubwa hapa Uganda hayalipwi, na sheria haikusaidii: kima cha chini cha mshahara kilichowekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ndicho kilichobaki kwenye vitabu, na shilingi 6,000 leo haitoshi nauli na chakula cha siku moja mjini. Usiombe mshahara kwenye barua. Ukishakubaliwa, na ukishafanya kazi wiki moja wakaiona, muulize msimamizi kwa upole kama ofisi ina utaratibu wa nauli na chakula cha mchana kwa wanafunzi. Baadhi wanao, na hawautaji mpaka waulizwe.

Linganisha lakini. Ukibaki Kampala, tuseme nauli ya teksi ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000 na chakula 5,000. Kwa siku 40 za kazi ni shilingi 440,000, na hosteli hujaigusa. Nyumbani unakula kwa mama na pengine unakwenda kazini kwa miguu. Tofauti hiyo ni sehemu ya ada ya muhula ujao, na ni haki baba aifikirie. Tena Jumamosi ziko huru. Mfanyabiashara mmoja au wawili wenye duka la jumla wanaohitaji vitabu vyao vipangwe na risiti zao za EFRIS zilinganishwe na mauzo, hao watalipa, kidogo lakini watalipa. Kubalianeni kwanza kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: kazi gani, siku ngapi, shilingi ngapi, lini.

Sasa kuna mambo ya hatari, na haya nayasema kama ninavyowaambia binti zangu mwenyewe.

Mtu akikudai pesa ili upate nafasi ya mafunzo, iwe ameita "ada ya usajili", "bima" au "sare", ondoka. Ofisi halali haimtozi mwanafunzi. Akikuomba picha ya kitambulisho cha taifa kupitia WhatsApp kabla hujafika ofisini, au namba ya siri ya pesa za simu kwa sababu yoyote ile, mzuie kwenye simu yako.

Ukiwa ndani ya ofisi ya fedha usisaini karatasi yoyote ya malipo kwa niaba ya mtu, wala orodha ya mahudhurio ya semina ambayo hukuhudhuria, hata anayekuomba akiwa mkubwa na mchangamfu. Wakaguzi wakija, jina lako litakuwa pale na wewe utakuwa Kampala. Usiingie kwenye mfumo wa malipo kwa nenosiri la mtu mwingine. Omba ukae pembeni uangalie. Usishike fedha taslimu bila kuwepo kwa mtumishi mwenye dhamana na bila kuandikiwa. Ukisema "chuo hakituruhusu", hakuna atakayekukasirikia, nami kama mwalimu nasema ndiyo, hatukuruhusu.

Na mwanamume yeyote, awe msimamizi au dereva, akianza kuunganisha alama zako, barua yako au nauli yako na mwili wako, usinyamaze wala usijilaumu. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na utaratibu wa kuzuia jambo hilo. Andika tarehe na maneno aliyosema, mwambie mama au shangazi siku hiyo hiyo, na mpigie mratibu wa mafunzo kazini wa idara yenu. Chuo kinaweza kukuhamisha mahali pengine katikati ya wiki zako 8, na hakuna sheria ya chuo inayokulazimu kumaliza chini ya mtu wa namna hiyo.

Jambo moja la chuo ulimalize kabla hujapanda basi. Mhadhiri anapaswa kuja kukuona ukiwa kazini, na Arua ni mbali. Mwambie mratibu mapema kwamba utakuwa West Nile, uliza wanafunzi wengine wanaokwenda Nebbi, Koboko au Yumbe, mwasilishe majina kwa pamoja ili msafara mmoja uwafikie wote. Nimeona wanafunzi wakikosa alama za kutembelewa kwa sababu idara ilijua walipo wiki ya mwisho.

Ikiwa kwa sababu ya nyumbani huwezi kabisa kuondoka Kampala, basi acha benki. Banda iko kwenye barabara ya Jinja, na barabara hiyo hiyo inakupeleka Namanve, kwenye viwanda vyenye maghala yanayotakiwa kuhesabiwa mali, na njia ya Ntinda iko karibu nawe kwa boda boda. Taasisi ya wahasibu, ICPAU, hutoa orodha ya ofisi za ukaguzi zenye leseni. Tafuta zile ndogo, za mhasibu mmoja au wawili, uzifikie kabla ya Juni haijaisha. Ofisi ya watu wanne haina mtu wa kupoteza, kwa hiyo siku ya pili utakuwa na faili la mteja mkononi.

Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila jioni. Andika kazi, kiasi na ulichokigundua: "Nimelinganisha Februari, nimekuta hundi tatu ambazo hazijawasilishwa benki, nimemwonyesha mhasibu." Msimamizi asaini kila Ijumaa, usimwachie wiki 8 asaini siku moja. Wiki ya saba muombe barua ya kumaliza inayotaja kazi ulizofanya kwa majina yake, uiandike rasimu mwenyewe ili asipate tabu, yeye arekebishe na kugonga muhuri. Nyaraka za ofisi usizibebe wala kuzipiga picha. Chukua namba za simu za wahasibu wawili, na mwezi wa Desemba wapigie uwaulize wakaguzi walisema nini kuhusu rejesta uliyoipanga. Wakikuambia hoja mbili zimefutwa, hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye maombi yako ya mwaka wa tatu.

Barua ya CAO iandike leo usiku, binti yangu. Basi la Arua huondoka kila siku.